Moshi wa Ruiru haupimwi kwa mizani ya Oregon

Wahenga walituusia kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aghalabu usia huu hutumiwa kuwasuta watu wanaojivunia mali ya wenzao. Leo nataka kuutumia katika jambo ambalo pengine msomaji hakulitarajia kutoka kwa mwalimu wa isimu: namna wataalamu wanavyokadiria gesi na moshi unaotolewa na magari ya watu wa nyumbani katika miji kama Thika na Ruiru.

Nasema "kukadiria" kwa makusudi. Hapana mtu aliyesimama nyuma ya kila gari katika barabara kuu ya Thika akikinga moshi kwa chupa. Katika nchi zote za dunia kinachofanywa ni hesabu, na hesabu hiyo hufuata kanuni zilizopangwa pamoja katika kitu ambacho wataalamu hukiita kielelezo. Kielelezo hicho hutungwa mahali fulani, kwa kuwachunguza watu fulani, kisha husafirishwa hadi mahali pengine kwa watu wengine. Swali langu ni hili: kikifika huku kwetu, je, bado husema kweli?

Tuanze kwa kutazama hesabu yenyewe, maana huwezi kukosoa mshono wa nguo ambayo hukuigeuza ukaiona ndani. Hesabu ina hatua nne. Kwanza, kaya hii ina magari mangapi? Pili, magari hayo huenda kilomita ngapi kwa siku? Tatu, kila kilomita hula mafuta kiasi gani? Nne, kila lita ya mafuta ikiungua hutoa gesi kiasi gani? Majibu huzidishwa, kisha kaya zote za mji hujumlishwa.

Tuchukulie gari la mkazi mmoja wa Ruiru anayefanya kazi katikati ya Nairobi. Kwenda na kurudi ni kilomita 50 hivi. Kama gari lake linakula lita moja kwa kila kilomita 10, basi kwa siku litaunguza lita tano za petroli. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni, ile gesi isiyoonekana inayochangia joto la dunia. Kwa siku moja, basi, ni kilo 11.5, kwa mwezi wa siku 22 za kazi ni kilo 253. Hesabu hii mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Ugumu hauko katika kuzidisha. Ugumu uko katika kujua tarakimu za kuzidishwa, na hapo ndipo watu huanza kuazima.

Huko Marekani, idara ya uchukuzi ya jimbo la Oregon ilitunga kielelezo kiitwacho GreenSTEP mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Kielelezo hicho hutazama umri wa wanakaya, mapato yao, msongamano wa makazi na huduma za usafiri wa umma, kisha hukisia kaya itakuwa na magari mangapi na itayaendesha umbali gani. Kanuni zake zilitokana na hojaji za safari za kaya za Kimarekani. Baadaye idara inayosimamia barabara kuu za Marekani ilikitumia kuwa msingi wa chombo ambacho majimbo mengine yangeweza kukitumia. Kwa upande wa gesi zenyewe, Wamarekani wana MOVES, kielelezo kilichochukua mwaka 2010 nafasi ya kile cha MOBILE kilichoanza 1978, nao Waulaya wana COPERT. Ni vyombo vilivyotungwa kwa ustadi na juhudi ya miaka mingi. Sitaki msomaji adhani navidharau.

Pengine mtu atauliza: haya yamhusu nini mwalimu wa lugha? Yanamhusu sana, kwa sababu taaluma yangu imekwisha kuipitia njia hii na ikajikwaa.

Wamishenari wa karne ya 19 walipoanza kuandika sarufi za lugha za Afrika, wengi wao walikuwa wamefunzwa Kilatini na Kigiriki. Walikuja na masanduku yaliyokwisha kuandikwa majina: nomino za uhusika huu, nomino za uhusika ule, jinsia ya kiume na jinsia ya kike. Kisha wakazisukuma lugha zetu ndani ya masanduku hayo. Lugha zikaingia, lakini zikaingia zimekunjwa miguu. Ngeli, ambazo ndizo uti wa mgongo wa lugha za Kibantu, hazikuwa na sanduku lake katika Kilatini. Ilibidi watu kama Wilhelm Bleek, katika miaka ya 1860, wazipange ngeli kwa utaratibu wake zenyewe, na Clement Doke, katika kitabu chake cha istilahi cha mwaka 1935, asisitize kwamba lugha za Kibantu zielezwe kwa maumbile yake wala si kwa mazoea ya Ulaya. Kilatini hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kudhani kwamba sarufi ya lugha moja ni sarufi ya lugha zote.

Kielelezo cha magari ya kaya ni sarufi ya aina yake. Ni sarufi ya mienendo ya watu. Kina msamiati wake, nao ni kaya, gari, safari na mapato. Kina pia kanuni za kuunganisha msamiati huo. Kwa hiyo mtu anayetaka kukihamisha kutoka nchi moja hadi nyingine anafanya kazi ya kutafsiri, apende asipende. Baadhi ya watu hukiita kielelezo "mfano". Neno hilo latokana na kitenzi -fana, yaani kuwa sawa na kitu kingine. Lugha yenyewe imetutahadharisha: pasipo kufanana, hapana mfano.

Niliwahi kuombwa na kundi moja la watafiti nitafsiri hojaji ya safari za kaya kwa Kiswahili. Hojaji ilikuwa imetungwa ng'ambo, na nilipewa siku mbili, ikifikiriwa kwamba ni kazi ya kubadilisha maneno tu. Swali la kwanza lilitaka kujua idadi ya magari ambayo kaya ingeweza kuyatumia. Nilikaa na swali hilo asubuhi nzima. "Una gari?" huuliza mtu mmoja. "Mna gari?" huuliza watu wengi, lakini wengi gani? Mke na mume? Ndugu anayelala sebuleni akitafuta kazi? Mzee aliyebaki Murang'a ambaye ndiye aliyetoa fedha za kununulia gari hilo? Nilipowaeleza wenye kazi mashaka yangu, niliambiwa niandike tu, kwamba wajibu maswali wangeelewa. Nami siamini kuwa walielewa wote jambo moja.

Tulitazame neno "kaya". Katika sensa zetu, kaya ni watu wanaoishi pamoja katika boma au jengo moja, wanaomtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao na wanaopika pamoja. Kwa ufupi, ni watu wa chungu kimoja. Pwani neno hilo hilo lina uzito mwingine: kaya za Wamijikenda ni vijiji vya asili ndani ya misitu mitakatifu, ambavyo vilitiwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Neno moja, maana mbili zilizo mbali. Lakini hata tukibaki na maana ya sensa, twende Ruiru tuone chungu hicho kimoja kilipo.

Katika ploti za Kihunguro, Kimbo na Githurai, mna vijana wengi wanaoishi katika chumba kimoja kimoja. Kwa sensa, kila chumba ni kaya. Lakini mwulize kijana huyo, "Nyumbani ni wapi?" Hatakutajia Kimbo. Atakutajia Kirinyaga, Kisii au Kakamega. Kimbo ni "kwa nyumba". Nyumbani ni ushago. Kiswahili cha Kenya kimetenga maneno haya mawili kwa sababu maisha yametenga mambo mawili. Baba analala Ruiru Jumatatu hadi Ijumaa, mama na watoto wako Murang'a, na gari husafiri kati ya vyungu viwili kila mwisho wa juma. Je, gari hilo ni la kaya ipi? Kielelezo cha Oregon huuliza kaya iko wapi, kisha hukisia mwendo wa gari kwa kutegemea jibu. Kaya yenye miguu miwili, mmoja mjini na mwingine kijijini, hakiijui. Akiulizwa mwenye gari, atajibu kwa neno ambalo Kiswahili kimemzoesha: "gari letu". Na "-etu" hiyo ni pana kuliko kaya yoyote ya sensa.

Sasa tulitazame neno "gari". Sote twajua gari la nyumbani ni lipi, au twadhani twajua. Nenda barabara ya kuingia soko la Makongeni, Thika, alfajiri. Magari mengi utakayoyaona yakishusha mboga, mayai na mikate ni yale yale ambayo saa mbili baadaye yatawapeleka watoto shuleni, na Jumapili yatasimama mbele ya kanisa. Mengine jioni hugeuka teksi ya kuitwa kwa simu. Katika hojaji ya kuazima, gari la kaya na gari la biashara huwekwa katika mafungu mawili yasiyokutana, na kila fungu lina kanuni zake. Huku kwetu gari moja hubeba mafungu yote mawili. Ukilihesabu kuwa la kaya tu, utakisia mwendo mdogo kuliko ulivyo. Ukilihesabu kuwa la biashara tu, kaya itaonekana haina gari. Ukilihesabu pande zote mbili, utakuwa umeuhesabu moshi ule ule mara mbili.

Isitoshe, kaya nyingi hazina gari kabisa. Sensa ya mwaka 2019, iliyouliza kuhusu baiskeli, pikipiki na gari, ilionyesha kwamba hata kaya moja kati ya kumi nchini haikuwa na gari la kibinafsi. Kielelezo kilichotungwa katika nchi ambako kutokuwa na gari ni jambo la nadra hakina mengi ya kusema juu ya watu hawa. Lakini hawakai nyumbani. Wanapanda matatu, chombo ambacho jina lake lakumbusha nauli ya mapeni matatu ya zamani, na ambacho Rais Jomo Kenyatta alikiruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni za kawaida za usafiri wa umma. Wanapanda bodaboda, zilizoongezeka mno baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Tukirudia hesabu yetu ya awali, matatu ya abiria 14 inayokula lita moja ya petroli kwa kilomita nane itatoa, kwa safari ile ile ya kilomita 50, kilo 14 na kitu. Zigawe kwa abiria 14, upate kilo moja tu kwa kila mmoja, dhidi ya kilo 11.5 za mwenye gari aliye peke yake. Hii ndiyo habari kubwa ya usafiri wa barabara ya Thika, na ndiyo ambayo kielelezo cha "magari ya kaya" huiacha nje ya mlango.

Tuje kwa gari lenyewe kama mashine. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mengi hutoka Japani, na mengi huingia yakiwa karibu na ukomo huo, kwa sababu ndipo bei yake huwa nafuu. Kwa Mjapani gari hilo limezeeka. Kwa mnunuzi wa Ruiru ni gari "jipya", na maisha yake ya pili yatakuwa marefu kuliko ya kwanza. Vielelezo vya nje hulipanga gari kwa mwaka lilipoundwa na kiwango cha usafi lililoundwa kukifikia. Havijui kwamba kile chombo katika ekzosi kinachosafisha moshi huenda kilikwisha kung'olewa kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo ndani yake, au kwamba fundi wa jua kali amefunga kipuri cha gari jingine. Wala havijui kwamba miji hii iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini huungua kwa namna tofauti kidogo na ile ya pwani. Na hata huko vilikotungwa, karatasi na barabara zilitofautiana: mwaka 2015 dunia nzima ilisikia jinsi magari ya dizeli ya Volkswagen yalivyokuwa yakitoa gesi kidogo katika maabara na nyingi barabarani.

Hapa msomaji makini ataniuliza: je, basi hakuna kinachoweza kuazimwa? Kipo, na ni lazima tukitenge kwa haki. Hewa ya kaboni hutegemea mafuta yaliyoungua. Lita ya petroli iliyoungua Thika hutoa karibu kiasi kile kile inachotoa Oregon au Osaka, kwa kuwa kanuni za kemia hazina pasipoti. Hatua ya nne ya hesabu yetu, kwa gesi hiyo, yaweza kuazimwa bila hofu. Lakini masizi, monoksidi ya kaboni na oksidi za nitrojeni, yaani vile vitu vinavyodhuru afya ya watoto wetu leo, hutegemea hali ya injini, ubora wa mafuta na mwendo wa gari. Hizo haziazimiki kwa urahisi. Mafuta yenyewe yamebadilika: risasi iliondolewa katika petroli yetu mwaka 2006, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeshusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Anayetumia tarakimu za kabla ya hapo atakosea upande mmoja. Anayetumia za Ulaya za leo atakosea upande wa pili. Na hatua mbili za kwanza, idadi ya magari na mwendo wake, hutegemea maisha ya watu. Hizo ndizo zinazohitaji kutafsiriwa upya, neno kwa neno.

Wala asidhani mtu kwamba tukipata kielelezo cha Kenya tutakuwa tumefika. Itazame miji hii miwili yenyewe. Yote iko katika Kaunti ya Kiambu, yote iko katika barabara moja, na reli iliyofika Thika mwaka 1913 hupita Ruiru pia. Mgeni angesema ni pacha. Sivyo. Thika ni mji wa viwanda. Una nguo, mananasi, mafuta ya kupikia, na hata kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya na kubadilishwa jina baadaye kuwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mfanyakazi wa Thika anaweza kutoka Kiganjo au Makongeni kwa miguu akafika kazini. Ruiru nayo ina viwanda vyake na kituo mashuhuri cha utafiti wa kahawa, lakini imekua zaidi kama mji wa kulala. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 240,000 katika mji huo. Ile ya 2019 ilihesabu takriban 490,000, wengi kuliko wa Eldoret au Kisumu. Thika ilikuwa na takriban 250,000.

Sasa chukua kanuni moja inayopatikana katika vielelezo vingi: kadiri kaya inavyokuwa mbali na kitovu cha jiji, ndivyo inavyoendesha gari zaidi. Thika iko mbali zaidi na Nairobi kuliko Ruiru, hivyo kanuni itakisia mwendo mrefu zaidi Thika. Lakini Thika ina kitovu chake. Aliye karibu na jiji ndiye anayelazimika kwenda jijini kila siku; aliye mbali zaidi hana haja. Kanuni iliyotungwa kwa jiji lenye moyo mmoja hukosea katika ukanda wenye mioyo miwili. Kwa hiyo hata kutoka Thika hadi Ruiru, umbali usiofika nusu saa barabara ikiwa nyeupe, mizani haihamishwi bila kukaguliwa.

Wenye kutetea vielelezo vya kuazima wana hoja yao, nami sitaki kuifunika. Husema kwamba kufanya utafiti upya katika kila mji ni ghali, na kwamba makadirio yenye kasoro ni bora kuliko kukaa gizani. Ni kweli. Katika isimu pia hatuanzi upya kwa kila lugha: lugha zote zina irabu na konsonanti, zote zina namna ya kuuliza na ya kukanusha. Kipo cha wote, na kipo cha kila mmoja. Ustadi ni kujua mpaka ulipo. Zaidi ya hayo, wataalamu wa usafiri walikwisha kutafuta njia ya kati. Mwaka 1976, Atherton na Ben-Akiva wa Marekani walichukua kielelezo kilichotokana na data za Washington wakakijaribu katika mji wa New Bedford na katika Los Angeles. Funzo mojawapo lilikuwa kwamba kielelezo cha kuazima kikirekebishwa kwa sampuli ndogo ya wenyeji, chaweza kufaa kuliko kukiazima kilivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nairobi yenyewe ilikuwa miongoni mwa miji ambamo watafiti walichunguza jinsi magari yanavyoendeshwa ili kutengeneza kielelezo cha nchi zinazoendelea. Nayo miongozo ya kimataifa ya kuhesabu gesi hutenga ngazi tatu: ya chini kabisa hutumia tarakimu za jumla za dunia, na zinazofuata huitaka nchi ilete tarakimu zake. Hatulazimiki kuchagua kati ya nguo ya kuazima na uchi. Tunaweza kumwita fundi cherehani.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu tarakimu hizi haziishii katika vitabu. Kenya imeahidi mbele ya mataifa kupunguza gesi zake kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho zingefikia bila hatua yoyote. Ahadi ya namna hiyo ni hesabu ya kukisia tangu mwanzo hadi mwisho. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni mwaka huo, na Mswada wenyewe ukatupwa baada ya maandamano ya vijana. Lakini wazo la kumtoza mwenye gari halikufa, na siku likirudi huenda likavaa joho la mazingira. Siku hiyo atakayelipa atapangwa na kielelezo. Je, kitamwona mwuza mayai wa Makongeni kama tajiri mwenye gari la starehe, au kama mchuuzi mwenye chombo cha kazi? Vivyo hivyo kwa mabasi ya mwendo wa kasi, ambayo mpango wake, chini ya mamlaka ya usafiri iliyoundwa mwaka 2017 kwa eneo la jiji la Nairobi, una mstari wa kupita Ruiru na Thika. Kielelezo kinachowahesabu wenye magari peke yao kitasema mabasi yatapunguza moshi kidogo tu, maana abiria wa matatu hawamo katika daftari lake. Msingi wa hesabu ukipinda, kuta za sera hazitasimama wima.

Yapo ya kufanya, na si ghali. Hojaji za safari zitungwe kwa Kiswahili na kwa Kikuyu tangu mwanzo, wala zisitafsiriwe dakika ya mwisho. Badala ya kuuliza "Mna gari?", tuulize: "Ni nani walioliendesha gari hili juma lililopita, lilikwenda wapi, na lilibeba nini?" Badala ya kuuliza "Nyumbani ni wapi?", tuulize: "Ulilala wapi usiku wa Jumatano, na wapi usiku wa Jumamosi?" Maswali ya matendo hujibiwa vizuri kuliko maswali ya majina, kwa sababu majina hubeba mila na matendo hubeba tarehe. Katika ukanda huu tumejaliwa vyuo vikuu kadhaa vilivyopangana kando ya barabara moja: Kenyatta, Jomo Kenyatta cha Juja na Mount Kenya cha Thika. Wahandisi wao na walimu wao wa lugha wakikaa meza moja kwa muhula mmoja, watapata sampuli ndogo ya kutosha kurekebisha kielelezo chochote.

Nanyi walimu wa shule za sekondari msingoje vyuo vikuu. Wanafunzi wakisimama langoni kwa saa moja asubuhi wanaweza kuhesabu magari, matatu, pikipiki na waendao kwa miguu, kisha kuandika ni watu wangapi waliomo katika kila chombo. Warudie siku ya soko na siku isiyo ya soko. Shule ya Thika ibadilishane daftari na shule ya Ruiru, wanafunzi wazilinganishe na waeleze tofauti kwa insha. Hapo watakuwa wamejifunza hesabu, jiografia na Kiswahili kwa mara moja, na watakuwa wamejifunza jambo kubwa zaidi: kwamba tarakimu ina kwao, kama vile neno lilivyo na kwao, na kwamba mtu hana budi kuiuliza tarakimu ilikozaliwa kabla ya kuikaribisha.

Vielelezo vitaendelea kuja, na vije. Hatuna sababu ya kuvifungia mlango, kama ambavyo Kiswahili hakikulifungia mlango neno "gari" lilipotoka Bara Hindi. Kiswahili kililipokea, kikalitia katika ngeli yake, kikalipa wingi wake, nalo likawa letu. Tuvifanyie vielelezo vivyo hivyo. Tuvipokee, tuvitie katika ngeli zetu, na tusiviruhusu vitusemee kabla havijajifunza lugha yetu.